Dobi Aliyefua Kivuli Chake

Hapo zamani, zamani za wafalme kupanda tembo na maskini kumeza hasira, palikuwa na mji uitwao Manalpuri, ng'ambo ya bahari, katika nchi ya Watamil. Watu wa mji huo walipangwa tabaka juu ya tabaka. Aliyezaliwa juu alikaa juu hata akiwa mpumbavu, na aliyezaliwa chini alikaa chini hata akiwa na akili za kugawia majirani. Na huko chini, chini kabisa, alikaa dobi mmoja jina lake Sudalai, ambaye watu walimwita punguani.

Walimwita hivyo kwa tabia yake moja. Akiambiwa neno, halikubali papo hapo. Husema, "Neno ni kama nguo mpya. Lipige kwanza jiweni, tuone kama rangi haitoki." Basi wakubwa wakacheka, wakasema jua limempiga huyu utosini. Na wanyonge wenziwe wakacheka pia, maana mtu akionewa sana hujifunza kucheka pale anapocheka mkubwa wake.

Ikawa mwaka mmoja mvua zikakataa kunyesha. Kisima cha mtaa wa madobi kikakauka hata vyura wakahama, yakabaki maji ya mahali pawili tu: dimbwi walimolala nyati wa kufugwa, na bwawa la hekalu lenye ngazi za mawe pande zote na maji maangavu. Lakini bwawani watu wa tabaka la Sudalai hawakuruhusiwa kukanyaga hata ngazi ya juu, kwa kuwa ilinenwa ya kwamba kivuli chao kikianguka majini, maji hunajisika. Basi wakafua dimbwini, wakanywa dimbwini, wao na nyati. Watoto wakaanza kuumwa matumbo, na Maari, bintiye Sudalai, akalala mkekani hana nguvu hata ya kulia.

Mkewe Sudalai, jina lake Pechi, akamwambia, "Baba Maari, maji yale yatatuulia mtoto. Fanya lolote, mume wangu."

Sudalai akatwaa mtungi, akaenda bwawani mchana kweupe, akainama, akachota. Hajafika mbali walinzi wakamkamata. Mtungi ukavunjwa, naye akaburutwa hadi barazani kwa Mfalme Tirumaran.

Kuhani mkuu, Nilakanta, alikwisha kutangulia, amesimama na uzi wake mtakatifu begani, alama ya tabaka la juu, povu likimtoka. Akasema, "Ee mfalme, uishi milele! Dobi huyu ameangusha kivuli chake katika maji ya hekalu. Na afukuzwe mjini, yeye na mtaa wake wote, kabla miungu haijatukasirikia!"

Mfalme huyo hakuwa mtu mwovu. Alipenda mzaha na alichukia kufikiri, basi, na mfalme asiyefikiri, wengine hufikiri badala yake. Akauliza, "Ewe dobi, una neno?"

"Ninalo, bwana wangu. Kivuli changu kilianguka majini, sikatai. Lakini nilipoondoka kikaondoka nami, wala hakikulowa. Kama kingaliacha doa, ningaliliona, maana kazi niliyozaliwa nayo ni kutafuta madoa."

Kuhani akafoka, "Ebo! Uchafu wa kivuli hauonekani kwa macho ya punguani. Mimi nauona! Kivuli najisi nakijua hata mwenyewe nisipomwona, hata kama amesimama nyuma ya ukuta!"

Mfalme akacheka, akapiga goti lake kwa furaha. "Hukumu imepatikana. Wewe Sudalai si dobi? Basi kifue kivuli chako. Kesho asubuhi ukilete hapa kimetakata, na kuhani akikague. Akisema ni safi, wewe na watu wako mtachota bwawani. Akisema ni kichafu, mtaa wenu utahama kabla ya jua kutua."

Baraza zima likaangua kicheko. Sudalai akainamisha kichwa, akasema, "Nimesikia, nami nitatii."

Na kweli alitii. Jioni ile watu wakamwona dimbwini, amesimama kando ya jiwe lake la kufulia, anakimwagia kivuli chake maji na kukisugua kwa bidii. Wakacheka hadi mbavu zikawauma.

Pechi hakucheka. Alikuwa akifunga vyungu vyake tayari kwa safari, kwani mnyonge hana haki. Akasema, "Kivuli kinafulika, baba Maari? Ama kweli wewe ni punguani, kama wasemavyo?"

Sudalai akamjibu, "Kufua si kazi, mke wangu. Kazi ni kuanika." Kisha akamtazama Maari, midomo imempasuka kwa kiu, na mzaha ukamwisha. Nisikuficheni, jamaa zangu, mtu huyu aliogopa. Aliwaza habari ya kumbeba mtoto yule juani, njia ndefu isiyo na kisima, na moyo ukamuuma sana.

Asubuhi na mapema akafika uani kwa mfalme na mzigo wa nguo kichwani, milingoti miwili na shuka moja nyeupe, nyepesi. Akasimika milingoti, akaitandaza shuka katikati, jua la asubuhi likawa upande wa nyuma. Mtu akisimama nyuma ya shuka ile haonekani mwenyewe. Huonekana kivuli chake tu, kimechorwa juu ya nguo.

Kuhani alikuwa hajafika. Alikuwa na desturi, akikutana na mtu wa chini njiani, hurudi nyumbani kuoga upya. Na asubuhi ile, kwa bahati mbaya kabisa, madobi wote wa mtaa walikuwa na haja ya kupita njia yake, mmoja baada ya mmoja. Maskini kuhani akaoga mpaka vidole vikakunjamana.

Mfalme akasema, "Haya, Sudalai, kivuli ki wapi?"

"Nimekifua, bwana wangu. Lakini nguo iliyofuliwa hukaguliwa kando ya nguo isiyofuliwa, ndipo tofauti ionekane. Nataka kivuli kimoja ambacho hakijapata kufuliwa."

Wakubwa wote wa baraza wakaanza kurudi nyuma. Nani atasimama bega kwa bega na dobi? Sudalai akauliza kwa upole, "Kivuli chako, bwana wangu, kimepata kufuliwa hata siku moja?"

"La, hata siku moja."

"Basi hicho ndicho kitakachofaa."

Waziri akashika kichwa. Lakini mfalme macho yakamng'aa, akashuka kitini. Sudalai akamwambia, "Kuhani atakujua kwa kilemba chako. Kivue, ujitwike mzigo wangu huu." Mfalme, ambaye maishani mwake hakupata kubeba kitu kizito kuliko kikombe, akajitwika mzigo, akaguna, "Loo, ni mzito!"

"Pole, bwana wangu," akasema Sudalai, naye akajizungushia kitambaa kichwani kama kilemba. Wakasimama wote wawili nyuma ya shuka, dobi amenyooka kifua mbele, mfalme amepinda mgongo.

Mara kuhani akaingia, nywele zinamdondoka maji. Akakiona kiti kitupu, akauliza, "Mfalme yuko wapi?"

Waziri akajibu, "Anakusikia. Kazi yako ni hiyo shuka. Useme kivuli kilicho safi na kilicho kichafu."

Nilakanta hakuhitaji hata kusogea. Akanyoosha kidole penye kivuli kilichobeba mzigo. "Hicho! Ptuu! Kufuliwa kimefuliwa, lakini najisi ni najisi. Tazameni kilivyopinda kwa dhambi za kuzaliwa kwake! Hata harufu yake naisikia."

"Na hicho kingine?"

"Hicho ni cha mtu wa ukoo bora. Safi kama maziwa. Hata kikianguka juu ya wali wangu, nitaula na kushukuru."

Kisha kivuli kilichopinda kikasogea, pembe ya shuka ikainuliwa, akatoka mfalme na mzigo kichwani, jasho likimtiririka puani. Nyuma yake akatoka Sudalai.

Watu wakaanguka kifudifudi. Mfalme akasimama pale, uso hauna kicheko, na Sudalai akadhani sasa atakatwa kichwa. Dobi akajikaza, akasema, "Bwana wangu, changu kimeonekana safi. Chako ndicho kitakachotaka kufuliwa."

Mfalme akalipuka kwa kicheko hata mzigo ukamponyoka. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Kuhani akalia, "Nilidanganywa na mzigo, ee mfalme! Unajisi ule ulitoka mzigoni!"

"Na tuutazame," akasema mfalme. Akaufungua kwa mkono wake. Ya juu kabisa ilikuwa nguo nyeupe yenye pindo jekundu. "Hii ya nani?"

"Ya kuhani mkuu," akajibu Sudalai. "Ndiyo ya ibada. Desturi ya makuhani hairuhusu kuvaa nguo ya ibada isiyotoka kwa dobi. Hata hiyo aliyoivaa sasa nimeifua mimi."

"Ala! Kivuli cha mtu kinamnajisi, na mkono wa mtu yule yule unamtakasa? Nawe nguo zake ulizifua kwa maji gani?"

"Ya dimbwi la nyati, bwana wangu. Ndiyo maji tuliyoachiwa. Amekuwa akisali na nguo hizo tangu mvua ilipokatika."

Kuhani akaitazama nguo aliyoivaa, akashika pindo lake kwa vidole viwili, asijue aivue mbele za watu ama aendelee kuivaa. Hakuna aliyemcheka. Walikuwa wakinusa nguo zao wenyewe.

Basi mfalme akasema, "Sudalai, bwawa ni lenu kama lilivyo letu. Na juu ya hilo, omba utakacho: dhahabu, ama shamba."

Sudalai akafikiri kidogo. "Bwana wangu, amri ikitoka mdomoni hupotea njiani, walinzi wakasema hawakuisikia. Naomba mzigo huu uendelee kuubeba wewe mpaka ngazi za bwawa, nami nitembee kando yako."

Waziri akatoa macho. Lakini mfalme akautazama mzigo, akamtazama dobi, akainama akajitwika tena. Wakapita sokoni, wakapita mbele ya hekalu, mji mzima mdomo wazi. Na watu wa mtaa wa madobi wakafuata nyuma na mitungi, Pechi akiwa wa kwanza, Maari mgongoni.

Wakashuka ngazi wote. Vivuli vyao vikaanguka majini, cha mfalme, cha dobi, cha watoto, vikachanganyika hata usijue kipi cha nani. Maari akayanywa maji yale kwa kiganja cha mamaye, akakohoa, akaomba mengine.

Sudalai akaloweka nguo ya kuhani, akaipiga jiweni. Akamgeukia mkewe, akasema, "Mama Maari, lile neno la kivuli tuliloambiwa tangu babu zetu, umeliona? Pigo moja tu jiweni, rangi yote imetoka."

Nami hekaya yangu nimeifua, nimeianika. Mwenye kuiona ina doa na aje na maji yake, ila asiyachote dimbwini kwa nyati.