Migongo Iliyofungiwa Kabatini

Ipo methali moja ambayo mwalimu wa Kiswahili huipitia mbiombio darasani, maana akituama hapo kidogo tu watoto wataangua kicheko na kipindi kitamponyoka. Mficha uchi hazai. Watoto hucheka kwa sababu wameliona neno moja tu. Watu wazima hawacheki, kwani wameishi vya kutosha kujua kwamba anayetaka kusaidiwa sharti aonyeshe panapouma. Na hilo halimhusu mgonjwa peke yake. Tabibu naye ana uchi wake, na Daktari Philomena wa kwetu Mbulu aliuficha wake kwa miaka mingi.

Philomena alizaliwa Maretadu, katika nyumba ya wakulima wa mahindi na maharage. Alisoma kwa taabu hadi akawa daktari bingwa wa kusoma picha za ndani ya mwili: eksirei, altrasaundi na hata zile za mashine kubwa inayomkata mtu vipande vipande pasipo kumgusa. Wenzake waliomaliza naye walibaki mijini. Yeye alirudi nyumbani, akaajiriwa katika hospitali moja ya misheni, na hapo hapakuwa na bingwa mwingine wa kazi yake. Akisema mfupa umevunjika, basi umevunjika, hata kama mwenyewe anatembea. Sifa hiyo ilimkaa vizuri kama kitenge kipya, na kwa kweli alikuwa ameifanyia kazi.

Katika chumba chake palikuwa na kabati la chuma, na ndani ya kabati diski moja aliyoifungia kama mtu anavyofungia hati ya shamba. Humo alikuwa amehifadhi picha za migongo ya wafugaji, wengi wao Wadatoga wa tambarare za Hanang, na wengine wa Yaeda Chini. Migongo hiyo ilikuwa na ugonjwa wa namna moja. Pingili za kiunoni zilikuwa zimelika, na kila mmoja wao alikuwa ameandikiwa dawa za kifua kikuu cha mifupa, kwa kuwa ndicho kinachokula pingili za watu wengi huku kwetu. Lakini hawakupona. Walipata nafuu kidogo, wakafurahi, kisha maumivu yakarudi na mizigo yake yote. Philomena alikuwa amezitazama picha hizo hadi macho yakamwuma. Kuna kitu hakikukaa sawa, na hakukijua.

Kwa nini basi hakumwuliza mtu? Msimhukumu haraka. Miaka ya nyuma alifika mgeni mmoja wa utafiti, mtu mcheshi, akala ugali mezani kwake na kumwita dada. Aliomba kunakili picha za vifua vya watoto ambazo Philomena alizikusanya kwa jasho, naye akampa zote. Mwaka uliofuata picha zile zilitokea katika jarida kubwa la kitabibu zikiwa na orodha ndefu ya majina ya watafiti. La Philomena halikuwamo hata pembeni. Alilia siku ile, tena kilio cha hasira. Na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ndiyo maana Emanuel, aliyesoma naye chuoni, alipompigia simu kumweleza habari za hifadhi ya wazi ya picha za kitabibu, alimsikiliza kwa adabu tu. Emanuel alimweleza kwamba madaktari wa nchi nyingi huweka humo picha zilizoondolewa majina ya wagonjwa, kila mwenye kutaka akazisoma, akazilinganisha na zake, na akizitumia humtaja aliyeziweka. Akamwomba aweke ile migongo. Philomena akamjibu kuwa haiwezekani, watu wa huku ni wa heshima, hawatakubali miili yao ionyeshwe kwa wageni. Lilikuwa jibu zuri, na kasoro yake ilikuwa moja: hakuwa amemwuliza hata mgonjwa mmoja. Chini ya heshima ya wagonjwa alikuwa amejificha yeye, bingwa asiyejua, na aliona ni afadhali kabati liendelee kufungwa kuliko dunia nzima ijue kwamba hajui.

Hali ilikuwa hivyo mpaka alipoletwa Mzee Nicodemo.

Mzee Nicodemo alikuwa mfugaji wa Hanang, mrefu, mkavu, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Alikuwa kwenye dawa za kifua kikuu cha mifupa kwa miezi kadhaa, na ni Philomena mwenyewe aliyeisoma picha yake ya kwanza. Sasa alishushwa kwenye basi akiwa amebebwa na wanawe wawili, kwa kuwa miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi. Pamoja nao alikuja Jenifa, mke wa mwanawe mkubwa, ambaye ndiye aliyemuuguza nyumbani. Kila mtu chumbani alielewa kinachosubiri. Ganzi ikiendelea kupanda, mzee hatasimama tena, na kwa mtu aliyekua akitembea nyuma ya ng'ombe, kulala chini mchana kutwa ni kuzikwa kabla ya siku.

Philomena alimwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa sauti ya chini, kisha akamwomba Jenifa picha mpya. Jenifa akaitoa kwenye bahasha na kuiinua dirishani penye mwanga. Kidole gumba chake kilikuwa kimefunika pembe ya juu ya picha, pale ambapo mashine huandika jina la mgonjwa. Philomena akamwomba aondoe kidole asome jina, ahakikishe ni picha yenyewe. Jenifa hakukiondoa.

"Daktari, ni ya baba, nimeipokea mwenyewe kwa mpiga picha," alisema akiwa ameinamisha uso. "Jina la baba mkwe mimi silitamki. Nimesoma mpaka darasa la saba. Nikiliona tu, moyo unalisoma wenyewe. Nisamehe. Mgongo uko wazi."

Philomena aliijua mila hiyo. Alikuwa amekua jirani na Wadatoga, akajua kwamba mwanamke aliyeolewa kwao hupita mbali na jina la baba mkwe wake maisha yake yote, akimtunza, akimpikia, akimsifu, pasipo kulitaja. Lakini hakuwa amewahi kuiona ikishika picha ya eksirei. Jina limefunikwa, na mgongo wote uko nje kwenye mwanga, pingili kwa pingili, wala heshima ya mzee haijapungua chembe. Alihisi uso ukimwaka moto. Kumbe lile jibu alilompa Emanuel halikuwa na miguu ya kusimamia.

Aliisoma picha. Pingili zilikuwa zimelika zaidi. Akaanza maelezo yake ya kawaida, kwamba ugonjwa huu ni mgumu, kwamba dawa huchukua muda, kwamba wavumilie. Mzee Nicodemo alimwacha aongee hadi akamaliza. Kisha akamwuliza, taratibu, pasipo ukali wowote:

"Binti yangu, ugonjwa huu unaujua au huujui?"

Wanawe wakatazama chini, kwa sababu swali kama hilo haulizwi daktari. Philomena alifungua kinywa ili aseme anaujua. Maneno yalikuwa tayari, alikuwa ameyasema kwa wagonjwa wengine. Ila mzee alimtazama usoni kama baba anavyomtazama mtoto anayempenda, naye akashindwa kumdanganya.

"Siujui, mzee," alisema. "Nimewaona wengi kama wewe, na siujui."

Alitegemea aibu imwangukie kama paa. Haikuanguka. Mzee akatikisa kichwa, akasema kwamba ng'ombe wake akipotea, yeye huenda mnadani akatangaza rangi yake, pembe zake na mkato wa sikio lake mbele ya watu wote, wa kwao na wageni, kwa sababu hajui nani amemwona. Akauliza kama hakuna mnada wa magonjwa.

"Upo," Philomena akajibu, na hapo machozi yakamtoka. "Upo, ila mimi sikutaka kwenda."

Alimweleza habari za ile hifadhi, kwamba picha yake itaonekana na watu asiowajua, ng'ambo na hapa nchini, jina lake likiwa halimo. Mzee akakubali, akaweka alama ya kidole. Basi kazi ikaanza. Philomena aliomba kibali cha uongozi wa hospitali na cha kamati ya maadili ya utafiti, akazungushwa huku na kule kama ilivyo ada ya vibali, naye akalala mlangoni kwao hadi wakachoka kumwona. Akawatafuta wagonjwa wengine kwa simu, kwa wachungaji wa makanisa, kwa madereva wa mabasi. Hata aliowatarajia wakatae walikubali, na mzee mmoja tu wa Yaeda Chini akasema hapana, mgongo wake ni wake. Picha yake ikabaki kabatini, kwani hiyo nayo ilikuwa haki yake.

Siku ya kuzituma, Emanuel alimwelekeza kwa simu namna ya kufuta majina kwenye kumbukumbu za kompyuta. Philomena akafuta, akawa karibu kubonyeza, mara akakumbuka kile kidole gumba. Majina yalikuwa pia juu ya picha zenyewe, yamechapwa pembeni na mashine! Kama angebonyeza, jina la kila mgonjwa lingezunguka dunia. Alikaa akaziziba pembe zote moja moja kwa weusi, kisha akaandika maelezo mafupi: wafugaji, maumivu ya kiuno ya muda mrefu, dawa za kifua kikuu hazisaidii. Mwishoni akaongeza sentensi iliyomtoa jasho kuliko zote, kwamba msomaji wa picha hizi hajui ni ugonjwa gani, anaomba msaada. Akaweka jina lake chini.

Majibu ya kwanza hayakuwa na maana. Mmoja alisifu ubora wa picha, mwingine alitaka kumwuzia mashine. Wakati huo ganzi ya Mzee Nicodemo ilikuwa imefika magotini, na Philomena alikuwa akipita wodini kwake kila asubuhi akiogopa kumwuliza habari za usiku. Kisha likaja jibu la daktari mmoja wa Mongolia, nchi ya watu wanaofuga farasi, ngamia na mbuzi katika baridi isiyosemeka. Yule daktari aliandika kwa upole. Alisema kifua kikuu huibomoa pingili hadi ikaporomoka, lakini hizi bado zimesimama. Zimelika pembe ya mbele tu, na karibu yake umeota mfupa mpya uliopinda kama mdomo wa kasuku. Kwao huiona sana kwa watu wanaokunywa maziwa mabichi na kuzalisha mifugo kwa mikono. Alishuku brusela, ugonjwa ule ule unaowafanya ng'ombe watupe mimba, ulioingia katika mifupa ya mtu. Aliambatanisha picha zake mwenyewe, nazo pia zilikuwa wazi kwa yeyote.

Philomena aliziweka picha za Mongolia na za Hanang sambamba, akapiga meza kwa kofi. Ungedhani ni migongo ya baba mmoja mama mmoja. Kipimo cha haraka cha brusela walikuwa wamemfanyia mzee mwanzoni, kikatoka safi, na tangu hapo hakuna aliyeugusa tena mlango ule. Sasa damu yake ikapelekwa maabara kubwa kwa kipimo kinachochukua siku nyingi, naye akaanzishiwa dawa pasipo kusubiri. Majibu yaliporudi, yule mdudu alikuwamo.

Mzee Nicodemo hakuruka kitandani kama kwenye mahubiri. Alianza kwa kuhisi shuka likimgusa vidole vya miguu, na alipomwambia Jenifa, Jenifa alitoka nje akalia kwa furaha hadi wauguzi wakadhani amefiwa. Baada ya wiki nyingi alisimama. Aliondoka hospitalini kwa miguu yake, fimbo mkononi, mguu mmoja ukiwa mzito kidogo, akinung'unika kwamba maziwa ya kuchemsha hayana ladha na kwamba daktari amemponya mgongo akamharibia kinywa. Wengine nao wakaitwa mmoja mmoja, wakapimwa, wakabadilishiwa dawa, na wengi wao wanachunga leo.

Lakini si wote. Wa kwanza kabisa kuingia katika diski ile alikuwa kijana aitwaye Yoakimu, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa miaka miwili kabla kabati halijafunguliwa. Dawa mpya zilimwondolea maumivu, miguu hazikuweza kuirudisha. Philomena alimfuata hadi nyumbani kwao, akaketi naye chini kwenye ngozi, akamweleza yote bila kujipaka mafuta: kwamba picha yake alikuwa nayo, kwamba wa kumsaidia alikuwapo duniani muda wote, na kwamba yeye aliona haya kuuliza.

Yoakimu aliitazama miguu yake.

"Ungeuliza, daktari," alisema. "Mimi nisingekucheka."

Methali ile watoto na waicheke darasani, maana hawajakutana na Yoakimu. Aliyekutana naye anajua kwamba mficha uchi hazai.