Maji Kwenye Alama ya Tano

Hapo zamani, wala si zamani ya majini, ni juzijuzi tu, simu zipo na bando linatuishia, aliishi mama mmoja kisiwani akiitwa Mize. Kila asubuhi alishuka gatini, akasoma mti wa kupimia maji, akamtumia namba Faki, mtunza takwimu mjini. Faki akaandika, akampelekea Bi Raya, mtabiri wa hali ya bahari. Miaka kumi na miwili, hivyo hivyo.

Siku moja Mize alikuwa anampeleka bintiye Hidaya kuolewa ng'ambo. Pilau limeiva, bibi harusi kapakwa hina, boti ya Nahodha Kombo imepambwa. Mize akashuka kupima. Lahaula! Ni saa ya maji kupwa, yangepaswa kuwa alama ya pili, lakini yako ya tano! Na upepo hakuna. Akituma tano, boti huenda ikazuiwa. Akituma mbili, nani atajua? Roho ikamuuma mno. Akatuma tano.

Faki akaguna. "Mize leo ana harusi, hata macho hayaoni." Kanuni ilimruhusu kuifuta namba ya ajabu. Hakuifuta. Akafukua madaftari yote mpaka akaikuta tano nyingine ya saa ya maji kupwa, ya miaka tisa nyuma. Jioni ya siku hiyo ya zamani, boti moja ilizama.

Akampelekea Bi Raya. Masikini Raya! Wiki iliyopita alizuia boti, bahari ikatulia tuli, wavuvi wakamtukana. Mkubwa wake akamwambia, "Ukikosea tena, katafute kazi nyingine." Akaitazama tena ile tano. Akazuia boti zote.

Hidaya akalia, Mize akalia naye. Alasiri mawimbi yakaja yakalibeba gati, lote! Lakini hakuna aliyekuwa baharini.

Siku ya nne bahari ikatulia, ndoa ikafungwa, watu wakala pilau jipya. Hapo Nahodha Kombo akatangaza: ana boti mpya, ataiita jina la aliyewaokoa. Jina moja tu.

"Bila madaftari yangu," akasema Faki, "tano ingeonekana kosa."

"Na ingebaki daftarini," akasema Bi Raya, "kama nisingeiweka kazi yangu rehani."

Mize akawatazama. "Mimi nilituma tano na mwanangu kapakwa hina. Nyinyi mngeweza?"

Hidaya akaangua kicheko. "Na mimi niliyemngoja mume siku nne, hamnihesabu?"

Haya, nyie mnaocheka, Nahodha kashika brashi na rangi inamkaukia. Mwambieni aandike jina gani. Je, nani alistahili?