Viatu vya Afisa wa Pensheni

Mzee Chilongani, askari wa zamani asiyemiliki hata kandambili, alikwenda kuomba pensheni yake ya jeshi. Afisa, Bwana Nzowa, alikuwa amevua viatu chini ya meza kwa sababu ya joto.

"Mzee, humu kwenye faili umeandikwa kwamba ulikufa vitani."

"Si unaniona, mwanangu?"

"Kukuona hakutoshi. Mlete mtumishi wa serikali aape mbele ya polisi kwamba uko hai."

"Mtumishi yeyote?"

"Yeyote. Ila nani atajisumbua kwa ajili yako?"

Mzee aliinama, akachukua viatu vya Nzowa, akavivaa, akatoka kwa mwendo wa gwaride. Alivuka barabara, akaingia kituo cha polisi, akaketi. Nzowa aliingia nyuma yake, pekupeku, akihema.

"Afande, huyu kaniibia viatu!"

"Mzee huyu? Una hakika?"

"Naapa kwa Mungu, ni Chilongani huyuhuyu. Kavivaa nikimwona, akaondoka navyo!"

Mzee alivua viatu, akavipangusa vumbi, akamrudishia.

"Ahsante kwa kujisumbua, mwanangu. Afande, umemsikia mtumishi wa serikali akiapa. Sasa andika kwamba niko hai, au andika kwamba viatu vyake viliibwa na marehemu."