Kibuyu Kinachofunguliwa kwa Ndani

Sogeeni, wajukuu, ngano imebisha hodi, ikaribisheni, hata aliyelala na aamke.

Palikuwa na mama, Mashavu, na mwanawe Siti. Kila akienda kisimani, Mashavu humwambia mtoto, "Kaangalie kama kuku ametaga," kisha hutoroka. Akirudi humkuta Siti analia, naye husema, "Zimwi, njoo umchukue." Akasema mara ya kwanza, akasema mara ya pili. Mara ya tatu zimwi likaja.

"Umeniita," likasema, likamtia Siti kibuyuni mwake, likafunika. "Kibuyu hiki hufunguliwa kwa ndani tu. Jua likizama hajatoka, mtoto ni wangu."

Mashavu akapiga magoti. "Toka, mwanangu, nina halua."

"Hata jana ulisema halua, nami sikuiona," Siti akajibu mle ndani.

"Basi toka, zimwi limekwenda zake."

"Mama, nalisikia linasaga meno."

Zimwi likacheka. "Si umemlea mwenyewe kwa uongo, Mama Siti?"

Jua likagusa miti. Maneno matamu yakamwishia Mashavu. "Siti, zimwi lipo, limekaa ubavuni mwangu. Halua sina. Nami naogopa. Lakini mkono wangu uko juu ya kibuyu, siuondoi."

Kisha mtoto akauliza, "Na kesho utanituma tena kwa kuku?"

"Sikutumi. Nitakuaga, utalia, nami nitakwenda hivyo hivyo. Kisha nitarudi."

Kifuniko kikainuka. Siti akatoa mkono kwanza, akamshika mamaye, ndipo akatoka mzima. Zimwi likabeba kibuyu chake kitupu, likaenda zake.

Ngano yangu imeishia mlangoni; aliyeipenda na aiingize ndani.