Chepe Juu ya Tuta

Hapo zamani, katika Uholanzi, nchi iliyolala chini kuliko bahari, watu wa mji wa Wierdam walimkataa mfalme wa Uhispania aliyewatawala. Basi akaja jemadari wake, Don Lisardo, akawashinda penye daraja, wakakimbilia mjini kilimani wakajifungia. Naye akapiga hema bondeni, akatuma neno: "Nipeni nchi hii yote kabla ya jioni, ama nitauchoma mji na waliomo."

Ikawa hapana aliyethubutu kutoka ila Wiggert, fukara wa kulala zizini, ambaye kila Jumapili hutubu uvivu wake na Jumatatu huurudia, Mungu amrehemu. Akachukua chepe, akalichomeka juu ya tuta la udongo lizuialo bahari, akainama mbele ya Don aliyepanda kutazama.

"Bwana mkubwa, nchi ni yako. Ila kwetu mwenye kuiacha nchi huchomeka chepe tutani, akaacha na mali yake yote iliyo juu yake. Mwenye kulichomoa huitwaa nchi hiyo, na kulitengeneza tuta huwa kazi yake."

"Ndiyo hayo tu, mpumbavu wee?"

"Ndiyo hayo tu, bwana. Uape kwamba utaifuata desturi."

Don akacheka, akaapa kwa Msalaba mbele ya askari wake, akalichomoa.

"Hongera, bwana. Sasa liwahi tundu lile. Mzinga wako wa asubuhi ulilitoboa tuta, na bahari inajaa."

Don akageuka, akaiona kofia yake yaelea mlangoni pa hema.

"Waiteni wenyeji wazibe!"

"Lo! Wenyeji hawana nchi tena, bwana. Wazibe ya nani?"

Basi askari wakaamriwa kubeba matope, nao wakanung'unika, "Tuliitwa vitani, hatukuitwa kufinyanga!" Kila walichoziba kikabomoka. Maji yakafika magotini pa farasi, mizinga ikadidimia.

Mwishowe Don akapanda tutani, amelowa chapachapa, akalichomeka chepe kwa mkono wake.

"Na mizinga, bwana?"

Don akamkazia macho, kisha kicheko kikamshinda. "Nimeapa. Kaa nayo, mjinga, wewe na bahari yako!" Akaenda zake.

Watu wakashuka kwa shangwe, na Wiggert, kwa furaha, akalichomoa chepe akalipunga juu. Ndipo wote wakamtazama, wakaanza kucheka. Nchi ilikuwa yake, na tuta pia.

Wakamsaidia kuziba. Lakini Jumatatu iliyofuata Wiggert hakulala.

Nawe uliyesikia, kesho twaziba ukingo wa mto wetu. Nakuomba uje, na chepe lako.