Maktaba ya Mbelwa na Ishara Iliyorukwa

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni hii ya juzi tu ya watu na kompyuta zao, palikuwa na chama cha wachezaji wa mchezo wa vita pale Tanga. Msicheke, watu wameacha kusalimiana kwa ajili ya mchezo huo. Una majeshi, una ngome, una ukungu unaomficha adui mpaka umtume mpelelezi akamwone. Mshirika wako haoni ukionacho wewe; ukitaka ajue, unamwekea ishara kwenye ramani. Mchezo ukiisha huacha faili la marudio. Humo hamna picha, mna amri tu, nani kaamuru nini na lini. Ukitaka kuona kilichotokea, unaufungulia mchezo uanze upya, nawe ukae uutazame mpaka mwisho.

Mwenyekiti Semboja hakuwa na subira hiyo. Malalamiko ya udanganyifu yalimchosha, akamwendea Mbelwa, fundi wa programu, akamwomba kitu cha kusoma mafaili chapuchapu. Mbelwa akaandika maktaba. Ndivyo mafundi wanavyoiita programu inayotumiwa ndani ya programu nyingine. Ilisoma mchezo wa saa nzima kabla hujapepesa jicho. Kasi hiyo ilitoka wapi? Iliruka kila ilichodhani hakina maana: porojo za wachezaji, na zile ishara za washirika. Mbelwa aliyaandika hayo kwenye maelezo ya maktaba yake. Nani aliyasoma? Hakuna.

Chama kikapitisha sheria: mtuhumiwa hajitetei, faili ndilo linalosema. Wa kwanza kunyoosha mkono kuikubali alikuwa Mwantumu, mchezaji wao bora, aliyechoka kushindwa na walaghai.

Mwantumu ndiye aliyechaguliwa kwenda mashindanoni Kampala, na Chande akawa akiba yake. Katika mechi ya mwisho kabla ya safari walicheza wawili hao upande mmoja. Mpelelezi wa Chande akaiona kambi ya adui, Chande akaweka ishara, na Mwantumu akapeleka jeshi moja kwa moja kwenye ukungu akaisambaratisha. Walioshindwa wakalalamika. Maktaba ikasoma, ikatoa jibu: Mwantumu hakutuma mpelelezi huko wala hakuonyeshwa na mtu.

Basi ni mdanganyifu, kwisha maneno. Sheria ikamfunga mdomo. Akamgeukia Chande, na Chande akatazama viatu vyake. Kampala akaenda Chande, akatolewa raundi ya kwanza, stahili yake. Nyumbani Mwantumu akaitwa mwizi wa ramani hata na watoto wa jirani, na baba yake, aliyekuwa akijisifia binti kila barazani, akaacha kabisa kumtaja. Hilo ndilo lililomuuma kuliko Kampala.

Baadaye mmoja wa walioshindwa akataka kujifunza mbinu za Mwantumu, akautazama mchezo wote. Ishara ya Chande ikajitokeza mbele ya macho yake. Chama kikaitishwa. Wanachama wakasema mmoja wa waliohusika lazima afukuzwe, na Mwantumu ndiye ataje jina.

Mbelwa akasema, "Mliniomba kasi, nikawapa kasi. Nilichokiacha nilikisema. Mimi sikumhukumu mtu."

Semboja akasema, "Nilifuata sheria tuliyoipitisha sote, na wewe dada ulitutangulia. Ningeivunja kwa ajili yako, ungeniitaje?"

Chande akasema hakuna aliyemuuliza. Kisha akaongeza polepole, "Na mimi nilitaka kwenda."

Huyo angalau alisema kweli, ingawa kweli yake inanuka.

Mwantumu akawatazama mmoja mmoja. "Nikitaja jina," akauliza, "baba atanitaja tena?" Wakamwambia tu ataje, watu wana kazi zao.

Ningekuwa mimi ningewatimua wote na mlango nikaufunga, lakini sikuulizwa. Mnaulizwa ninyi, hodari wa kuhukumu mkiwa mmekaa. Mbelwa aliruka, Semboja hakutazama, Chande alijua akanyamaza, na Mwantumu mwenyewe alikubali watu wafungwe midomo. Je, nani alistahili kutolewa?