Karamu ya Watu Elfu Moja na Tisa

Palikuwa na sultani asiyekula na watu. Mkono wake na mkono wa mchukuzi ndani ya sinia moja? Astaghfirullahi! Jina lake Mwinyi Shambe, na kilichomkera kuliko njaa ya raia zake ni kijumba cha makuti cha Mwanashungi, mpishi wa shughuli, mjane. Eti kilimzibia upepo ukumbini.

Kukivunja hivihivi aliona haya. Akamwendea mwanachuoni wake wa hesabu, akapewa namba. Kisha akamwita mpishi.

"Ijumaa nina wageni elfu moja na tisa. Utawapikia pilau na kuwakalisha. Kila sinia watu sawasawa. Asile mtu peke yake, wala wasirundikwe wote sinia moja. Mgeni asifukuzwe, mgeni asiongezwe. Ukishindwa, kijumba navunja."

"Na nikiweza, Mtukufu?"

"Utakaa humo mpaka ufe." Akacheka, maana namba ile ni tasa: huipasui mafungu sawa hata uilie machozi.

Mwanashungi akaenda kwake, akamwaga punje elfu moja na tisa za mchele mkekani. Akagawa mbili mbili, ikabaki moja. Tatu tatu, moja. Nne nne, moja. Sita sita, saba saba, nane nane, ile moja ipo tu, kama mgeni asiyejua kuaga! Kijumba kile alijengewa na marehemu mumewe, na hakuwa na kingine. Akarudi kwenye tano tano alizoziruka. Zikabaki nne.

Hapo akacheka peke yake.

Ijumaa watu wakakaa watano watano. Sinia la mwisho, chini ya kiti cha sultani, likapata wachukuzi wanne.

"Wanne!" Sultani akapiga makofi. "Leteni mashoka!"

"Taratibu, Mtukufu. Hapo pana nafasi ya mwenyeji."

"Nilisema asiongezwe mgeni!"

"Kwani wewe ni mgeni hapa?"

Watu wakakohoa, na hakuna aliyekuwa na kikohozi.

"Mimi sili na hawa!"

"Hiari yako." Mwanashungi akapaza sauti, ukumbi mzima ukasikia. "Ila dasturi yetu, mwenyeji ndiye hutia mkono kwanza, wageni wajue chakula ni salama. Haya jamani, mwenyeji kakataa kuonja!"

Mikono ikarudi magotini. Mawaziri wakaanza kutafuta viatu vyao.

Sultani akaona aibu inakuja na watu elfu moja na tisa nyuma yake. Akateremka kitini, akajibana kati ya wachukuzi, akakunja miguu, akamega tonge. Pilau ilikuwa tamu, na hilo likamuudhi zaidi.

"Mwanachuoni wangu aliniapia," akanung'unika na wali mdomoni, "namba hii haigawanyiki!"

"Hakukosea, Mtukufu. Yeye alihesabu watu. Wewe hakukutia."